Bastola za Bei Chee: Zinki Inasingiziwa

Waswahili wenzangu wa hapa Ohio, Marekani, wakishajua kwamba ninafanya kazi ya kuchonga kalibu, yaani maumbo ya kumiminia madini yaliyoyeyuka, swali lao huwa moja: zile bastola za bei chee, za dola mia na kitu, zinadumu kweli? Wanaouliza si watu wa mchezo. Ni madereva wa malori, wahudumu wa nyumba za wazee, mama wa Kikongo anayefunga duka usiku wa manane na kutembea peke yake hadi kwenye gari. Kule tulikotoka, kuomba bastola ni safari ndefu ya polisi na kamati, na wengi huishia kunyimwa. Hapa unaikuta kwenye kabati la kioo la duka la rehani, kati ya gitaa na drili, ina kibandiko cha bei. Lazima mtu aulize.

Jibu wanalopewa na wauzaji wengi ni fupi: "Achana nayo, hiyo ni zinki." Jibu hilo linaniudhi. Bastola hizo zina kasoro nyingi nitakazozitaja hapa bila kumwonea mtu haya. Lakini zinki inabebeshwa makosa ambayo si yake, na waliofanya makosa yenyewe wanapita kimya.

Niieleze kwanza hiyo zinki. Aloi inayotumika inaitwa zamaki: zinki karibu asilimia 96, aluminiamu asilimia 4, chembe ndogo ya magnesi, na aina nyingine zina shaba ya kama asilimia 1. Kampuni ya New Jersey Zinc ndiyo iliyoileta mwaka 1929. Inayeyuka kwenye nyuzi 385 hivi za Selsiasi, wakati chuma cha pua kinataka zaidi ya 1,400. Utajiri wake uko hapo. Kalibu moja nzuri inaweza kutoa vipande laki kadhaa kabla haijachoka, na kila kipande hutoka na kona zake, matundu yake, hata maandishi yake, kikabaki kuguswa kidogo tu na mashine. Chuma cha pua unakikata kutoka kwenye gogo zima, unalipia mashine, visu, mafuta ya kupozea na saa za fundi. Kwa hiyo bastola ya zinki inaposhuka bei, kilichopungua kwanza ni muda wa kazi. Uzito wenyewe haupishani sana. Zamaki ina gramu 6.6 kwa sentimita ya ujazo, chuma 7.8.

Nguvu je? Ukiivuta kwenye mashine ya kupimia, zamaki inashangaza. Inakaribia chuma laini cha kawaida. Udhaifu wake uko kwingine. Ukiibebesha mzigo mzito muda mrefu, inalegea pole pole. Ukiigonga pale pale kila siku, hasa penye kona kali, inaota ufa, na ufa wa zinki ukishaanza hausimami. Mwenye koki ya maji ya bei nafuu kutoka Kariakoo analijua hilo: inang'aa miaka miwili, halafu siku moja unaikaza kidogo tu na shingo inabaki mkononi. Ndani utaona kijivu chenye chembechembe. Ni zinki iliyopakwa kromu, na aliyeichora aliifanya shingo nyembamba mno.

Kuna jambo la pembeni ambalo wapenzi wa vitu vya kale wanalijua. Vigari vya watoto vya zinki vilivyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vingi vimevimba na kumomonyoka vyenyewe kabatini. Sababu ni uchafu wa madini ya risasi ndani ya aloi. Ndiyo maana leo zamaki nzuri huanza na zinki safi ya asilimia 99.99. Kiwanda kinachorudisha mabaki machafu kwenye tanuri ili kuokoa senti kinajitafutia balaa, na kwa macho huwezi kujua.

Sasa bastola. Historia yake inaanza na sheria. Mwaka 1968 Martin Luther King aliuawa mwezi Aprili, Robert Kennedy mwezi Juni, na ilipofika Oktoba Marekani ikapitisha sheria ya kudhibiti silaha. Pamoja na mengine, sheria ile ilifunga mlango kwa bastola ndogo za bei nafuu zilizokuwa zikimiminika kutoka Ulaya. Za nje zikazuiwa. Kiwanda cha ndani kikaachwa kitengeneze kitu kile kile bila kuulizwa. Pengo likawa wazi, na wateja walikuwa bado wapo.

Aliyeliziba ni George Jennings, mtu wa karakana ya mashine kusini mwa California. Mwaka 1970 alianzisha Raven Arms na kutoa bastola ndogo ya kipenyo cha .25, yaani milimita 6.35, risasi sita, fremu (mwili wa chini) na slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma) za zinki, mtutu wa chuma. Iliuzwa chini ya dola 100. Kisha ukoo ukatawanyika. Mwanawe Bruce akafungua Jennings Firearms, na baadaye kukawa na Bryco Arms. Mkwe wake Jim Davis akafungua Davis Industries kule Chino. Jim Waldorf, rafiki wa Bruce tangu shule, akafungua Lorcin. Kiwanda cha Raven kiliungua mwaka 1991, na mchoro wake ukahamia Phoenix Arms mjini Ontario, California. Kwa kuwa vyote vilizunguka Los Angeles, watu waliviita Pete ya Moto, na mtafiti aliyevichunguza kwa kina ni Garen Wintemute, daktari wa dharura wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda hivi vichache vilikuwa vikitoa karibu theluthi moja ya bastola zote zilizotengenezwa Marekani.

Ukitaka kupima uimara, lazima ujue bastola hizi zinavyofanya kazi. Nyingi hazina kufuli la kubana mtutu na slaidi wakati wa mlipuko. Kinachozuia ganda la risasi lisiruke nyuma mapema ni uzito wa slaidi na springi, basi. Risasi ikitoka mbele, slaidi inarudi nyuma, inagonga mwisho wa njia yake, inarudi, inagonga tena mbele. Kwa risasi ya .25, yenye nguvu ya jouli 90 hivi, zinki inavumilia vizuri tu. Ile Raven ya kwanza ilikuwa na hesabu inayoeleweka: risasi dhaifu, aloi dhaifu, bei ndogo. Lakini soko lilitaka kikubwa zaidi. Wakapanda hadi .380, yenye jouli kama 270, na wengine hadi milimita 9, inayopita 450. Umbo likabaki dogo, kuta zikabaki nyembamba, kwa sababu mteja alitaka ya kuingia mfukoni. Mimi nasema kosa la kwanza la kiufundi lilifanyika hapo: walizidisha kipigo karibu mara tatu, kisha zaidi, huku wakibana zinki ile ile.

Nimeishika moja kwa mikono yangu, na jina lake siliandiki. Jirani yangu, mzee kutoka Bukavu, aliinunua ikiwa imetumika, .380 ya miaka ya 1990, na akaja nayo nyumbani imefungwa kwenye taulo.

"Ndugu yangu, uniangalilie hii kitu," akaniambia. "Binti yangu anatoka kazi saa nane ya usiku. Nataka nimuachie."

Tukaitoa magazini, kile kikasha cha risasi, tukafungua chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, nikatazama mimi, akatazama yeye, nikaingiza kidole. Kisha nikaifungua. Mtutu ulikuwa mzuri, nasema kweli: chuma chake kimekaa imara ndani ya fremu, mikunjo ya ndani bado mikali. Nje, kromu ilikuwa imeinuka malengelenge karibu na mpini, na chini yake unga mweupe, alama ya zinki iliyoonja jasho. Reli za slaidi zilikuwa zimelika upande mmoja kuliko mwingine, na kitambaa nilichopangusia kikatoka na mafuta ya kijivu. Ule ni mwili wa bastola uliosagika. Nikaisafisha kwa spiriti, nikapaka ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa ambayo huwa tunaitumia kazini kwenye kalibu, nikasubiri, nikaipangusa, nikapulizia poda nyeupe. Kwenye kona ya dirisha la kutolea maganda, pale ukuta wa slaidi ulipo mwembamba kuliko kwingine kote, ukajichora mstari mwekundu mwembamba kama nywele, urefu wa punje ya mchele.

Mzee aliutazama muda mrefu. Nilimweleza kwamba sijui kama ingepasuka kwenye risasi ya kumi au ya mia mbili, ila mahali pale hakuna fundi wa kuchomelea atakayeparudisha. Ile kona ilikuwa kali, imekatwa kwa pembe ya mraba. Mchora kalibu yeyote anajua kona ya namna ile inakusanya msukumo wote mahali pamoja. Kuiviringa kidogo kungegharimu nini? Kwenye kalibu, ni kazi ya mara moja tu, na faida yake ingegawanywa kwa kila bastola iliyotoka. Hapa ndipo ninapotaka watu waelewe: aloi ilifanya ilichoweza. Aliyeichora ndiye aliyeinyima nafasi.

Tena ufa haukuwa jambo lililonitia hofu kuliko yote. Bastola nyingi za kundi lile hazina kizuizi cha pini ya kupigia, ile inayoigonga risasi ili ifyatuke. Risasi ikiwa chembani, kinachoizuia pini isiruke ni kishikio kidogo, na kishikio kikilika, kuanguka tu sakafuni kunaweza kufyatua. Hilo halihusiani na zinki hata chembe. Ni kipande kidogo na springi yake ambavyo mtu aliamua kutoviweka.

Uamuzi mbaya kuliko wote ninaoufahamu ulikuwa wa Bryco. Mwaka 1994, kaskazini mwa California, kijana wa miaka 20 aliyeachiwa watoto nyumbani alijaribu kuitoa risasi kwenye Bryco ya .380. Bastola ile ilijengwa hivi: usalama, yaani kile kitufe cha kuzuia isifyatue, ukiwa umefungwa, slaidi haifunguki. Kwa hiyo ili kuitoa risasi, lazima kwanza ufungue usalama. Akaufungua. Ikafyatuka. Mtoto wa miaka 7 alipigwa na kupooza kuanzia shingoni kwenda chini. Kesi ilipofika mbele ya baraza la waamuzi, yaani jopo la raia, mjini Oakland mwaka 2003, upande wa mtoto ulionyesha kwamba mchoro ule ulibadilishwa kwa sababu bastola ilikuwa ikikwama watu wakiijaza huku usalama umefungwa. Badala ya kutibu kukwama, wakaizuia slaidi isifunguke. Waamuzi waligawa lawama kwa wengi, wakiwemo kijana aliyeishika na wazazi, lakini sehemu ya Bruce Jennings na kampuni zake ilifika dola milioni 24 hivi. Mara moja wakaomba ulinzi wa kufilisika.

Mwaka 2004 mabaki ya kiwanda yalipigwa mnada. Yule mtoto, sasa kijana, na watu waliomuunga mkono walichangisha fedha ili wakinunue na kuyeyusha makumi ya maelfu ya vipande vilivyobaki. Walizidiwa dau. Aliyeshinda, kwa zaidi ya dola nusu milioni, alikuwa Paul Jimenez, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda kile kile. Akaanzisha Jimenez Arms, akahamia Nevada, na mwaka 2020 nayo ikafilisika. Nikiisoma habari hii huwa naipima kwa jicho la kazini. Kipande cha kurekebisha kasoro ile kingekuwa cha senti. Aliyelipa ni mtoto, na hakulipa kwa senti.

Wanasiasa nao walijaribu. Illinois, Carolina Kusini na Hawaii ziliwahi kuweka sheria ya kiwango cha kuyeyuka, nyuzi 800 za Farenhaiti, yaani 427 za Selsiasi. Minnesota ikaweka 1,000. Zamaki inaanguka chini ya zote. Kwangu sheria hizo zililenga pasipo. Bastola haiyeyuki mkononi mwa mtu. Ukiipiga marufuku kwa joto la kuyeyuka, unamgusa mnunuzi asiye na hela, na unamwacha mtengenezaji wa bastola ya chuma isiyo na kizuizi cha pini apite zake. California ilifanya vizuri zaidi. Sheria iliyotiwa saini mwaka 1999 na kuanza kutumika 2001 haikuuliza umetumia madini gani. Iliuliza: leta bastola tatu za muundo huo, kila moja ipige risasi 600, kwa 20 za kwanza isikwame hata mara moja, na kwa zote isizidi mara sita, wala isipasuke. Kisha uidondoshe kwenye zege kutoka urefu wa mita moja na kitu, kwa mikao sita. Ikifyatua, huuzi. Hicho ni kipimo ninachokiheshimu, kwa sababu kinapima kazi ya mtu.

Na je, zinki inaweza kutengeneza bastola inayodumu? Iko Ohio hii hii. Hi-Point, iliyoasisiwa na Tom Deeb na kuwa na maskani Mansfield, imekuwa ikitoa bastola za milimita 9 tangu miaka ya 1990, na modeli ya C9 iliuzwa kwa miaka mingi chini ya dola 200. Slaidi yake ni zamaki. Haina kufuli la mtutu, sawa na zile za California. Tofauti iko kwenye mizani: C9 ina uzito wa gramu 820 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo imerundikwa juu, kwenye slaidi nene ambayo kila mtu anaicheka. Ni mbaya wa sura, sikatai. Haikai mfukoni, na ukiishika unaona inavyoelemea mbele. Lakini aliyeichora alikubali jambo ambalo Pete ya Moto ililikataa: kama unatumia zinki kwa risasi ya milimita 9, lazima uwape watu zinki nyingi. Kuta zikawa nene, slaidi ikarudi pole pole, kipigo kikagawanyika. Watu huzipiga risasi maelfu na bado zinafanya kazi.

Sitaki kuzisifia kupita kiasi. Moja ya bunduki zilizotumika kwenye mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999 ilikuwa Hi-Point 995, na bei ndogo haichagui mnunuzi. Kuwa na silaha nyumbani kunaongeza hatari ya mtu wa nyumba hiyo kujiua, na hilo ni kweli iwe ya dola 150 au 1,500. Jirani yangu nilimuuliza kwanza nani mwingine analala kwa binti yake. Alipotaja wajukuu, tukaanza na kasha la kufuli, bastola baadaye. Duka lenye leseni linalazimika kisheria kumpa mnunuzi wa bastola kifaa cha kufungia. Muulizie, usiondoke bila hicho.

Ila kuna jambo moja la Hi-Point linalonifanya niitaje mtu akiniuliza kuhusu thamani. Dhamana yake ni ya maisha ya bastola, na haimfuati mnunuzi wa kwanza. Ukiinunua ya mkono wa nne kwenye duka la rehani, bila risiti, imepigwa na kutupwa kwenye droo, unaituma Mansfield na wanaitengeneza bure. Kiwanda kinachoahidi hivyo kina sababu ya kuchora kona ya mviringo, maana kila slaidi inayopasuka inarudi mlangoni kwake.

Wenye Raven, Jennings, Lorcin, Davis au Bryco hawana pa kuzipeleka. Raven ilikufa na moto, Lorcin na Davis zilifilisika miaka ya 1990, Bryco ilifilisishwa na hukumu. Springi na pini za mafundi wa kando utazipata, kwa zamaki iliyopasuka hutapata kitu. Kwenye kabati la duka la rehani bastola hizo zinalala bega kwa bega na C9 iliyotumika, na bei zao zinatofautiana kwa dola chache tu. Ukilazimika kuchagua kati yake, usianze kwa kuuliza ni madini gani, maana yote ni zinki. Tazama kona za dirisha la maganda chini ya taa kali. Uliza kama ina kizuizi cha pini. Jaribu, ikiwa tupu na mdomo wake ukielekea mahali salama, kuifungua slaidi huku usalama umefungwa. Ikikataa, jua kwamba kila utakapotaka kuitoa risasi utalazimika kuondoa usalama kwanza. Kisha soma jina la kiwanda ubavuni, utafute kama bado kina mlango.

Ya mzee wa Bukavu tuliipeleka kituo cha polisi, tukaikabidhi ikiwa wazi na tupu. Afisa aliandika namba yake kwenye fomu, akampa nakala, na mzee akaikunja akaiweka kwenye pochi pamoja na kadi yake ya bima.